Mwezi Ulioangalia Chini

Juzi nusura nigombane na kijana wa watu dukani, Nairobi, na mpaka leo sioni sababu ya kujuta. Nilikwenda kumnunulia binti wa kaka yangu darubini ya kutazamia nyota kule kwao Kisumu. Kijana akanitolea kitu chembamba, cheupe, kimesimama juu ya miguu mitatu inayotetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa asubuhi hiyo. Sanduku lake lilikuwa na picha za sayari za rangi zote, hata rangi ambazo mbingu haijawahi kuvaa. "Hii inavuta mara mia tano, mama," akasema. Nikamwambia kuvuta si hoja, ukivuta giza unapata giza kubwa zaidi. Nikamwonyesha ile nene iliyosukumwa pembeni, ile ya kioo, yenye mdomo mpana kama sufuria ya harusi. Akacheka. "Hiyo wateja wanarudisha, mama. Inaonyesha vitu kichwa chini, miguu juu."

Ni kicheko hicho kilichoniudhi. Nilikuwa nimewahi kukisikia, miaka mingi iliyopita, kikitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye kanzu safi, na sijakisahau wala sina mpango wa kukisahau. Niliinunua ile nene, nikamfanya kijana aibebe mwenyewe mpaka kwenye gari, na njia nzima ya kwenda Kisumu nikawa namlaani mtu mwingine kabisa. Kaa hapa nikueleze, rafiki yangu, lakini usitarajie nikulainishie.

Sisi tulikulia mtaa wa Manyatta, hukohuko Kisumu, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, kwa nyanya yangu mzaa mama. Mama alikuwa akifanya kazi mbali, akaniacha mimi na kaka pale. Nyumba ilikuwa ya udongo uliopigwa lipu, mabati juu, na nyuma yake uwanja ulioshindiliwa na miguu ya watu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Kazi yangu ilikuwa kuufagia kila asubuhi kabla ya shule, nikiwa nimeinama na ule ufagio mfupi unaoua mgongo. Kutoka uwanja ule, kati ya paa la jirani na ukuta wa msikiti, ungeliona ziwa kwa mbali, utepe mwembamba tu, upande jua linapotua. Wenzetu walikuwa na televisheni. Sisi tulikuwa na utepe ule.

Baba yake nyanya alitoka pwani, mama yake alitoka Bondo. Alisali kwa Kiarabu, akapatana bei kwa Kiswahili, na akatukemea kwa Kijaluo, kwa hiyo tulijua tumekosa hata kabla ya kuelewa maneno. Alfajiri alikaanga mahamri, na harufu ya iliki ilituamsha kabla ya adhana. Jioni ilikuwa harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wanaokaushwa kwa majirani, moshi wa makaa, na wale wadudu wa ziwa tuliowaita sam, wanaopanda kutoka majini kama moshi na kukuingia puani ukithubutu kucheka. Vikombe vya chai vilifunikwa kwa visahani. Wajukuu na watoto wa majirani wote, Waislamu kwa Wakristo, tulimwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya.

Nikwambie kilichomfanya nyanya awe nyanya. Mtaa wetu wa Waislamu uliutafuta mwezi wa Ramadhani kutoka kwenye uwanja wetu, kwa sababu ya ule utepe wa ziwa. Siku ya kungoja, watu walijaa baada ya alasiri. Nyanya alinawa uso kwa maji baridi, akakaa kwenye kigoda chake, na hakuna aliyepiga chafya. Jua likizama alikuwa akitazama tu, hapepesi, mpaka ghafla anainua kidole na kupaza sauti: "Huyooo!" Hapo sisi watoto tulitimka na makopo ya siagi na vijiko, tukipiga mtaa mzima, mbwa wakibweka, akina mama wakikimbilia kuloweka mbaazi. Lakini kabla ya kutimka ilibidi tungoje swali moja. Imamu alimwuliza, kama anavyoulizwa kila shahidi wa mwezi, "Umelala vipi, Mama?" Na nyanya akajibu, "Chali, pembe juu, kama bakuli la uji."

Kule kwetu, kwenye mstari wa ikweta, mwezi mchanga hulala hivyo. Kila mtoto wa mtaa alijua jibu. Swali lilikuwa la desturi tu, kama unavyomwuliza mtu habari za nyumbani huku ukijua ni njema. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Kisha macho yake yakaanza kuziba. Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho, lakini hajaiva, arudi akiiva, utadhani wanazungumza juu ya ndizi. Nyanya akaanza kuchambua mchele kwa vidole, mawe akiyatambua kwa kugusa. Mimi nikawa namtungia uzi kwenye sindano. Ramadhani ya kwanza alikaa kwenye kigoda chake, akatazama, na mtu mwingine akauona mwezi kabla yake. Ya pili ikawa vilevile.

Huyo mtu mwingine alikuwa jirani yetu, mwenye duka la vitambaa. Sitamtaja jina, si kwa heshima, ni kwa sababu sitaki likae mdomoni mwangu. Alikuwa na kanzu nyeupe isiyojua vumbi la Manyatta, na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema ili watu wanyamaze. Mwaka ule wa pili alikuja kusimama mbele kabisa ya kigoda cha nyanya, mgongo wake umeziba utepe wote wa ziwa, akamwambia bila hata kugeuka, "Pumzika tu, Mama. Macho mapya yako." Mapya! Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mwenye duka.

Usiku ule, nikiwa namsaidia kuosha vyombo, nyanya aliniambia kitu ambacho hakumwambia mtu mwingine. Alisema, "Nataka niuone mwenyewe tena. Mwandamo mmoja tu, nyathina, mtoto wangu. Nikishauona, hata macho yakifunga, yafunge." Hakuwa anaomba macho ya kusoma wala ya kushona. Alitaka jioni moja ya kuwa yeye. Nikakasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo, kama unavyoona, bado inafanya kazi.

Sasa, mjini alikuwako mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye nyanya alimpelekea mahamri miaka nenda miaka rudi mpaka wakawa marafiki wa kukaa jikoni na kuwasema waume zao marehemu. Watoto wake walimwita ng'ambo, akawa anauza vitu vya nyumba. Akamwambia nyanya aje achague kitu kimoja cha kumkumbuka, bure. Nyanya alikuwa amesikia kwamba marehemu mume wa rafiki yake alipenda nyota. Akamchukua mpangaji wetu, mwalimu wa sayansi aliyetoka Bondo, na mimi nikafuata nyuma nikiwa na kikapu kitupu.

Verandani kulikuwa na makabati, vitanda, mizani ya zamani, na darubini mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ya shaba, inang'aa mpaka unajiona meno, na kasha la ngozi pembeni. Ya pili ilikuwa kama mtu amekata bomba nene la maji machafu, akalipaka rangi ya kijani iliyobambuka, akaliweka juu ya sanduku zito la mbao. Mdomo wazi. Ndani, chini kabisa, kioo cha duara kilichobonyea kidogo, na huko juu ubavuni tundu la kuchungulia. Yaani hutazami kutoka nyuma kama mtu mwenye akili, unatazama kutoka ubavuni.

Na jirani yetu alikuwako pia, bila shaka, akigongagonga makabati kama daktari. Alipoona tunazunguka darubini akaja. Mwalimu alikuwa tayari ameinama ndani ya lile bomba.

"Dani, beba hii kubwa," akasema. "Hiyo ingine ni ya urembo tu."

"Lakini hiyo ingine ndiyo inaonekana ni darubini," nyanya akasema, kwa sababu hata yeye alikuwa anaona mng'ao wa shaba.

"Sikiza, Dani. Jicho yako saa hii ni dirisha yenye pazia. Pazia hatuwezi toa. Lakini jua ya huko nje tunaweza ongeza. Hii mdomo yake ni pana, inakusanya mwanga mingi. Hiyo ya shaba mdomo yake ni kama ya chupa. Na angalia miguu." Akaigusa ile ya shaba kwa kidole, ikatetemeka muda mrefu. Akalipiga lile sanduku la mbao kofi, likanyamaza. "Ukitaka kuona mbinguni, kwanza simama vizuri huku chini."

Jirani akakohoa. "Mama, sasa unabeba bomba ya choo mpaka Manyatta? Watu watasema nini?" Akacheka kile kicheko.

Yule mjane akatikisa kichwa. "Hii ya shaba mzee yangu alinunua ya kupamba sebule. Hii mbaya ndiyo ilikuwa inakosesha yeye usingizi."

Nyanya akapapasa mdomo wa lile bomba, akauzungusha mkono ukingoni, taratibu, kama anavyopima sufuria sokoni. "Nachukua mbaya," akasema. Jirani akainunua ya shaba palepale, bila hata kuichungulia, kwa sababu tu nyanya alikuwa ameiacha. Siku hiyo niliona ni ushindi, nikatembea nyuma ya mkokoteni nikijivuna.

Nikikumbuka wiki zilizofuata, kidogo hasira hutulia. Mwalimu alitufundisha lile bomba kama mtu anavyofundisha kumtunza mtoto mchanga. Litolewe nje mapema, lipoe, ndipo litazame vizuri. Anza na kile kilenzi cha tunduni kinachokuza kidogo, kwa sababu kinaonyesha sehemu kubwa ya anga na mtu hapotei. Kioo kisiguswe kwa kidole wala kisifutwe kwa kanga, hata kikiingia vumbi, maana vumbi halimkatazi mtu kuona lakini mkwaruzo ni wa milele. Mdomo ufunikwe daima, la sivyo sam watafanya matanga humo ndani. Kufunika ikawa kazi yangu, na niliifanya kwa bidii kuliko nilivyowahi kufagia.

Kwanza alitufanya tutazame kamba ya nguo ya mbali, mchana. Kaptula za kaka yangu zilikuwa zinaning'inia kwenda juu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwalimu akaeleza kwamba kioo kinapindua kila kitu, na kwamba haidhuru, "nyota haijui juu ni wapi." Jioni hiyo mwezi ulikuwa nusu. Akauweka, akamshika nyanya bega, akamsogezea kigoda. Nyanya akainama kwenye tundu.

Alikaa hapo mpaka nikaogopa. Kisha akasema, "Kumbe una makovu." Chai yake ikapoa, ikafanya ngozi, na yeye bado ameinama. Alipoinuka, uso ulikuwa umelowa na hakujishughulisha kuufuta. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, kabla wala baada.

Habari zikaenea. Majirani walikuja wakapanga mstari, na usiku usio na mwezi walitazama taa za wavuvi wa omena kule majini, zikiwa nyingi kama mji wa pili. Na ndipo jirani naye akaja, kwa sababu ile shaba yake ilimwonyesha ukungu mweupe na kope zake mwenyewe. Alikuja mapema, jua bado lipo, akataka kuona mnara wa msikiti. Akainama. "Mnara umesimama na kichwa!" Kicheko. Mwalimu, mtu mpole asiye na sababu ya kuwa mpole kiasi kile, akamweleza yote, akamwonyesha kioo kikubwa na kile kidogo kinachorusha mwanga tunduni, akamfanya atazame mkono wake mwenyewe kupitia kilenzi.

"Nimeelewa, Mwalimu," jirani akasema. "Kioo inageuza. Juu inakuwa chini."

Nilikuwa nimesimama hapo na kifuniko mkononi. Nilisikia. Alielewa, rafiki yangu. Naomba ulikumbuke hilo kuliko kitu kingine chochote katika habari hii.

Ikafika siku ya kungoja mwezi. Uwanja ulijaa kuliko miaka yote. Jirani alileta shaba yake, akaiweka mbele, miguu yake mitatu ikitetemeka kila mtoto alipopita. Nyanya alinawa uso kwa maji baridi kama zamani. Mwalimu aliligeuza bomba upande wa ziwa, akamwachia, akarudi nyuma kusimama karibu na kamba ya nguo, maana yeye ni Mkristo na jioni ile haikuwa yake. Mawingu yalikuwa yametanda, ila chini kidogo juu ya maji palibaki ufa wa rangi ya chungwa. Sam walipanda, wakashuka. Nyanya akawa analisogeza bomba kwa ncha za vidole, polepole, kama alivyofundishwa.

"Huyooo!"

Ile sauti. Nilikuwa sijaisikia Ramadhani mbili. Mtu mmoja akasema Alhamdulillahi, na kaka yangu akaligonga kopo lake mara moja kabla ya kukumbuka kwamba bado swali.

Imamu, mzee wa sauti ya chini, akasogea. "Mama, umeuona?"

"Nimeuona."

Kikohozi. Imamu hakuwahi hata kufungua mdomo tena. "Umelala vipi?" jirani akauliza, na akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa buibui la nyanya. Nilitaka aseme bakuli. Ni neno moja tu! Amelisema miaka yote, hata paka wa mtaa alilijua. Nikamtazama Mwalimu, naye alikuwa ameinua mkono wake akiulaza chali, kiganja juu, akimwonyesha mtu asiyeweza kuona mkono. Nyanya akaondoa jicho kwenye tundu. Alijua mwezi unavyolala. Alijua pia kioo kinafanya nini. Akasema, "Nimeuona umejifunika. Pembe zinaangalia chini. Sasa, kwa sababu kwa hii kioo..."

"Kwa kioo, bila kioo, mwezi ya Kisumu inalala chali!" jirani akamkata. Akawageukia watu, mikono amefungua. "Wazee wangu, nyinyi wenyewe mmesikia. Huyu mama haoni. Anatuambia vitu. Kesho tutafunga kwa sababu ya bomba?"

Wakacheka. Si wote, lakini kicheko hakihitaji wote. Mwalimu akasogea mbele. "Mzee, wewe unajua hii kitu inageuza. Mimi mwenyewe nilikuonyesha. Ulisema umeelewa."

"Mwalimu, hii ni mambo ya dini. Wewe ngoja Krismasi yako."

Hapo ndipo walipocheka kweli. Imamu akatazama ndala zake. "Tungoje redio," akasema, na ule ufa juu ya maji ukajifunga, na kama kuna mtu mwingine aliyetaka kuuona mwezi, hakukuwa tena na mwezi wa kuona.

Redio ilisema baada ya isha. Mwezi umeandama, kesho ni kufunga. Makopo yakalia, yakianzia langoni kwa jirani, watoto wake mbele. Nilingoja mtu apige hodi kwetu. Mtu mmoja tu, aseme, Mama, ulikuwa kweli. Nilikaa mlangoni na kopo langu mpaka likapata joto mapajani. Hakuna aliyekuja. Imamu alikuja kesho yake na tende, akakaa, akazungumza juu ya mvua, akaenda. Jirani alipoulizwa sokoni akasema mwezi umeonwa huko ulikoonwa, si kwa yule mama, yule mama aliona kitu kingine.

Nilimwuliza nyanya kwa nini hakusema bakuli. Alikuwa anakoroga uji wa pilipili manga, akiuonja kwa kusikiliza unavyotokota. Akasema, "Wameniuliza nimeona nini. Hawakuniuliza najua nini." Akaendelea kukoroga. Nilitaka alie, au atukane, alikuwa na lugha tatu za kutukania. Hakufanya lolote, na hilo liliniumiza kuliko kicheko chao. Akaniambia nikalifunike lile bomba.

Hakukaa tena kwenye kigoda. Mwaka uliofuata watu walipokuja uwanjani, aliwafungulia lango, akaingia jikoni. Mwalimu alipohamishiwa Awasi, nyanya alimpa lile bomba na sanduku lake. "Ipeleke mahali watu hawana maswali mingi," akamwambia. Sikuliona tena. Na hospitali ilipotuma neno kwamba mtoto wa jicho sasa ameiva, aje atolewe, nyanya alikataa. Mama alisafiri kuja kumbembeleza, mimi nikamlilia. "Nitoe nione nani?" akasema. Alikufa mimi nikiwa kidato cha pili, na sare yangu ya sekondari aliijua kwa vidole tu. Kuna watu wataniambia kicheko kile na kukataa kwake havihusiani. Waniambie nikiwa nimesimama mbali.

Wajomba waliuza kiwanja. Jaribu kubahatisha nani alinunua. Leo pale pana ghorofa, imesimama juu ya uwanja wetu na juu ya duka la zamani la yule jirani kwa pamoja, na imeumeza ule utepe wa ziwa mzima. Anayetaka kuliona ziwa alipe kodi ya ghorofa ya juu. Kaka yangu, mwenye moyo mwepesi kuliko wangu, ndiye mpangaji wa huko juu. Anasema ni mahali pazuri, na maji hayakatiki. Sijui mtu analalaje juu ya kitu kama kile.

Basi ndipo nilipoipeleka darubini yangu nene. Siku ya kungoja mwezi, nilipanda na binti wa kaka mpaka juu ya paa, kati ya matangi ya maji na madishi ya televisheni. Nikamfundisha yote. Tuitoe mapema ipoe. Tuanze na kilenzi kinachokuza kidogo. Kidole mbali na kioo. Ana mikono mitulivu, yule mtoto, mikono ya nyanya. Jua likazama ziwani, na safari hii hakukuwa na wingu.

Kitindamimba wa jirani akapanda, kijana wa watu, aliyezaliwa baada ya sisi kuhama, sasa ndiye anayekusanya kodi. Alitaka kujua ni bomba gani tunaweka kwenye paa lake. Binti akamwambia ameupata mwezi, akampisha. Akainama, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Ero! Ndio huu! Mbona imepinduka?"

Jibu la Mwalimu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, kioo na kila kitu. Nikalimeza.

"Kamwulize baba yako," nikasema. "Anajua."

Baba yake bado yuko, ghorofa ya chini, ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha linalotazama ukuta. Kijana alidhani ni mzaha, lakini ni mtoto mwenye adabu, akashuka. Nilisikia ndala zake ngazi zote. Aliporudi hakuwa anatabasamu.

"Mzee ameniuliza tu huyo mama ni mtoto wa nani," akasema.

"Mwambie ni mjukuu wa yule aliyeuona."

Akashuka tena. Nikainama kwenye tundu. Ulikuwa pale, mwembamba, umejifunika, pembe zinaangalia chini, sawasawa na alivyosema. Chini yetu Manyatta nzima ilikuwa imenyamaza. Hakuna anayetafuta mwezi siku hizi. Kila mtu ana simu mkononi anangoja iambiwe na simu nyingine. Makopo yenyewe hakuna, siagi inauzwa kwenye plastiki.

Nikalipiga tangi la maji kwa ngumi. Lilikuwa limebakia nusu, likatoa sauti kubwa kuliko nilivyotarajia. Nikalipiga tena, binti wa kaka akacheka, akalipiga upande wa pili, nami nikapaza sauti, mwanamke mzima, juu ya paa la watu: "Huyooo!" Madirisha yakafunguka mpaka ghorofa ya chini. Walidhani kuna moto. Niliendelea kupiga.